Salamu kwa Njia ya Unyayo

Si zamani hivyo, wala si kale ya kutisha; ni juzi juzi tu, na waliokuwepo bado wapo. Katika Jamhuri ya Mavundevunde, ambayo msijisumbue kuitafuta kwenye ramani kwa kuwa wachora ramani wake wamepewa likizo ndefu, Rais wa nchi, Mtukufu Lubengo, alikula uyoga kwenye dhifa ya taifa.

Uyoga wenyewe haukuwa na nia mbaya. Mpishi wa Ikulu aliuokota malishoni, juu ya mavi ya ng'ombe, akaukaanga kwa vitunguu na tui la nazi, akauleta mezani pamoja na pilau. Mabalozi waliitazama rangi yake wakaamua kula kuku. Mtukufu, ambaye hajawahi kukiogopa kitu kilichokaangwa, alimaliza bakuli zima. Kabla hotuba ya kumkaribisha haijafika katikati aliingia chini ya meza, akavua viatu, akaukumbatia mguu wa meza, akalia machozi ya furaha mpaka alasiri. Walinzi hawakujua itifaki inasemaje, basi nao wakaingia chini ya meza.

Alipotoka huko alikuwa na nadharia.

"Ndugu wananchi," alisema redioni, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa kwenye usingizi mtamu, "nimeona. Chini ya ardhi kuna nyuzi nyeupe. Nyuzi hizo zimeunga uyoga na uyoga, mti na mti, na unyayo wa kila mwananchi na unyayo wa mwenzake. Uyoga ndio simu ya kwanza ya ulimwengu! Tumekuwa tukimwaga fedha za umma kununua nyaya, kumbe nyaya tunazo miguuni!"

Wananchi walishangilia, maana siku hiyo ilikuwa sikukuu na walishangilia kila kitu. Haukupita muda, simu zote zikakatwa, posta ikafungwa, na minara ya mawasiliano ikaangushwa, ikayeyushwa, yakatengenezwa mabeseni. Mabeseni yakajazwa udongo, na kila ofisi ya serikali ikapewa beseni moja na mtumishi mmoja wa kusimama humo pekupeku: unyayo wa kushoto kupokea, wa kulia kutuma. Wenye sugu walipunguzwa kazini. Wenye funza walihamishiwa usalama wa taifa, kwa kuwa walionekana kuwa na mawasiliano ya ziada. Viatu vilipigwa marufuku kwenye majengo ya umma, kisha barabarani, na hatimaye hata kusafiri kwenda kumwona mtu kukahitaji kibali, kwa hoja kwamba anayesafiri kwenda kuuliza hali ameutukana uyoga.

*

Nadharia ya mkubwa haitembei peke yake. Inahitaji msomi wa kuibeba. Akapatikana Profesa Kandidus Mtupili, aliyekuwa amerudi kutoka ng'ambo na shanga nyingi shingoni, kengele ndogo mkononi na harufu ya udi iliyotangulia kuingia chumbani. Shahada yake ya uzamivu alitunukiwa na uyoga wenyewe, msituni, bila msimamizi wa nje. Aliieleza nadharia ya Mtukufu kwa maneno marefu kiasi kwamba hata Mtukufu aliipenda upya.

Profesa alikuwa na njia moja ya mjadala, nayo haikuwahi kumwangusha. Mtu akiuliza, "Profesa, umejuaje?" yeye hujibu, "Wewe umekula?" Kama hajala, basi hana haki ya kusema. Kama amekula na hakubali, basi amekula kidogo. Na kama amekula mpaka akasahau jina la mama yake, na bado hakubali, Profesa humshika bega kwa upole na kumwambia, "Ni nafsi yako inayojitetea, mdogo wangu. Iache ife." Wengi waliona aibu nafsi zao kuonekana zinajitetea mbele za watu, wakakubali.

Kazi ya kuithibitisha nadharia hiyo kitaalamu ilikabidhiwa Idara ya Uthibitisho wa Maono, na hapo ndipo tunapokutana na mtu wetu, Mwinjuma Tambwe, Mthibitishaji Mkuu Msaidizi. Mwinjuma hakuwa mjinga wala hakuwa mbaya. Alikuwa na mshahara.

Utaratibu wa idara ulikuwa madhubuti. Mashahidi walikusanywa ukumbini, wakasomewa ono la Rais tangu mwanzo hadi mwisho, wakasomewa tena, wakaonyeshwa picha za rangi za nyuzi nyeupe, wakafundishwa wimbo wa nyuzi. Baada ya hapo walipewa chai ya uyoga. Walipozinduka waliulizwa, "Mmeona nini?" Wote waliona nyuzi nyeupe! Isipokuwa mzee mmoja aliyemwona mbuzi wake aliyekufa kwenye ukame. Idara ilikaa kikao, ikamwandika kuwa ameona nyuzi nyeupe zenye pembe.

Mwinjuma naye alikunywa, kwa kuwa kazi ni kazi. Alimwona marehemu baba yake ameketi kwenye ngazi, akimenya chungwa bila kukata ganda, kama alivyokuwa akifanya enzi zake, akampa kipande. Mwinjuma alilia sana, na kilio kile kilimfaa. Tangu mazishi alikuwa hajalia. Lakini kwenye ripoti chungwa halikuwa na safu yake. Akaandika: nyuzi. Akapiga muhuri. Taifa likawa na uthibitisho.

*

Mambo yangebaki hivyo, na mimi ningekuwa na hadithi fupi, kama mke wa Mwinjuma asingekuwa mjamzito.

Siwatu alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke wa maneno machache na kicheko kikubwa. Mimba yao ya kwanza ilikuwa imeharibika, tena vibaya, damu ikamwagika mpaka wauguzi wakaacha kumtazama Mwinjuma machoni. Hii ya pili mama mzazi wa Siwatu hakutaka utani nayo. Bi Mwanakombo alikuja mwenyewe, kabla ya marufuku ya safari, akasema binti yake atajifungulia kwao Lungwi, ng'ambo ya milima, kama wanawake wa ukoo wao walivyofanya sikuzote, na hakuulizwa mtu. Mwinjuma alimsindikiza mkewe mpaka kwenye lori. Wakapungiana. Haukupita muda simu zikakatwa.

Mwezi ukaandama, ukaisha, ukaandama mwingine. Siku za kujifungua zikafika. Mwinjuma hakulala vizuri, hakula vizuri, akaanza kuweka chumvi kwenye chai. Hatimaye akateremka Kituo Kikuu cha Nyayo, ambako wapokeaji walikuwa wamesimama safu kwa safu ndani ya mabeseni yao, macho wamefumba, kama miche ya kahawa kwenye kitalu.

"Bi Semeni," alimwambia mpokeaji wa beseni la kwanza, mama mnene mchangamfu, "nitazamie Lungwi. Mke wangu."

Bi Semeni alikunja vidole vya kushoto udongoni, akakunja uso. "Hodi Lungwi... hodi... Eeh! Nimempata. Amejifungua salama, mwanangu. Dume! Tena kubwa, mashallah."

Mwinjuma alimkumbatia mama wa watu mpaka udongo ukamwagika. Lakini mpokeaji wa beseni la jirani, bwana mmoja mwembamba asiyependa kushindwa, alikohoa.

"Kwangu mimi anakuja wa kike," alisema. "Ana nywele nyingi."

"Mimi napata nanasi," alisema wa tatu.

"Nanasi?" aliuliza Mwinjuma.

"Nanasi, mheshimiwa. Ndivyo linavyoingia. Mimi sitafsiri, napokea tu."

Tofauti ikapelekwa kwenye Kamati ya Usuluhishi wa Habari, ambayo ilikaa, ikanywa soda, ikatoa tamko rasmi kwamba Mthibitishaji Mkuu Msaidizi amepata mtoto wa kiume wa kike mwenye umbo la nanasi, na serikali inampongeza.

*

Mwinjuma akaenda kwa Profesa. Alimkuta sakafuni amekunja miguu, akipiga kengele yake.

"Profesa, nina swali."

"Maswali ni viatu vya akili, mdogo wangu. Vua."

"Nitavua baadaye. Mke wangu amejifungua nini? Nimepewa majibu matatu."

"Yote matatu ni kweli," Profesa alisema, akifumba macho, "katika tabaka la ndani."

"Na katika tabaka la nje?"

"Hakuna la nje. Hilo ndilo fundisho."

"Profesa, nakuomba," Mwinjuma alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Mimba ya kwanza nusura imuue. Sitaki tabaka. Nataka kujua kama mke wangu yu hai."

Profesa alitabasamu kwa huruma kubwa, tabasamu lile lile lililomfanya apendwe na wake wa mabalozi. "Kuwa hai na kutokuwa hai," alisema, "ni maneno ya watu wenye viatu."

Mwinjuma alisimama pale mlangoni. Kisha ikaja hasira, tena hasira ya kujikasirikia mwenyewe, maana muhuri uliofungua mabeseni yote yale ulikuwa wake. Alianza kukumbuka jinsi alivyofanya kazi ile, hatua kwa hatua. Akagundua jambo ambalo mtoto yeyote wa shule angeligundua, ila mtoto wa shule hapewi nyumba ya serikali: tangu idara ianzishwe, hakuna shahidi hata mmoja aliyewahi kuulizwa ameona nini kabla ya kuambiwa ataona nini. Hata pale Kituoni, kila mtumaji alipitia kwanza kwa mpokeaji kumnong'oneza ujumbe, ili, kama mwongozo ulivyosema, "unyayo usishtuke". Na watu wote walioona utaratibu huo waliuona ni adabu tu.

*

Bahati nzuri Mtukufu alikuwa akija kukitembelea Kituo kwa ziara ya kushtukiza, iliyokuwa imetangazwa wiki nzima. Mwinjuma akaomba kumwonyesha jaribio.

"Jaribio la namna gani?" aliuliza Mtukufu. Aliingia akiwa pekupeku kama wananchi wake, ila yeye alitandikiwa zulia.

"Dogo tu, Mtukufu. Mimi nitapanda ghorofani kwenye beseni langu, nitatuma ujumbe. Sitamwambia mtu ni upi. Wapokeaji waandike walichopokea, kisha tulinganishe."

Kituo kizima kikapigwa butwaa. Bi Semeni akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, hutuambii kwanza?"

"Siwaambii."

"Sasa tutajuaje tunachopokea?"

Kwa swali hilo Mwinjuma alitaka kumbusu, lakini Rais alikuwapo. Profesa aliingilia kati upesi, akasema jaribio lina mtetemo mchafu, linanuka shaka, na uyoga haupendi kupimwa. Lakini Mtukufu alishapenda. Aliupenda mchezo wowote wenye mshindi.

"Panda," akaamuru. "Na Profesa naye asimame kwenye beseni. Tumwone fundi kazini."

Mwinjuma akapanda. Huko ghorofani kulikuwa na kiti, meza na chupa ya chai. Akaketi, akaweka miguu juu ya meza, akamimina chai, akainywa taratibu. Chini wapokeaji waliandika kwa jasho. Aliposhuka karatasi zilikuwa tayari, na msaidizi wa Rais akaanza kuzisoma kwa sauti ya taarifa ya habari.

Bi Semeni alikuwa amepokea: Rais aishi maisha marefu. Bwana mwembamba alikuwa amepokea: Rais aishi maisha marefu kuliko alivyosema Bi Semeni. Wa tatu alikuwa amepokea nanasi. Profesa alikuwa amepokea kurasa nzima: salamu kutoka kwa uyoga mkongwe kabisa duniani, historia ya jinsi nyani walivyokula uyoga wakaanza kusema, jinsi piramidi zilivyojengwa kwa kuimbiwa, na ombi kwamba idara ya Profesa iongezewe gari.

"Makubwa haya!" Mtukufu akasema. "Haya Ndugu Mwinjuma, wewe ulituma lipi kati ya hayo?"

"Sikutuma kitu, Mtukufu."

"Unasema?"

"Nilikuwa nakunywa chai. Miguu ilikuwa juu ya meza. Haikugusa udongo hata kidogo."

Bi Semeni alitazama vidole vyake udongoni kama watu waliomsaliti. Mtu mmoja nyuma alitoa mguu kwenye beseni, polepole, akaurudisha. Mwinjuma alihisi kifua kinafunguka. Sasa wataona, alijisemea. Sasa watarudisha simu, nami nitaulizia Lungwi.

Profesa ndiye aliyewahi kusema. Sauti yake ilitetemeka kidogo tu. "Alituma kutotuma," alisema.

Mtukufu Lubengo alitazama juu, akatazama chini, akatazama karatasi. Kisha uso wake ukang'aa kama siku ile ya dhifa.

"Wananchi!" akapaza sauti. "Mmeona maajabu haya? Mtu hakutuma kitu, na bado wamepokea! Dunia nzima inashindana kupokea vilivyotumwa. Sisi Mavundevunde tunapokea hata visivyotumwa! Kuanzia kesho kutuma ni hiari. Idara ya Kutuma ivunjwe, tumeokoa nusu ya bajeti!"

Makofi yalitikisa mabeseni. Watu walimbeba Profesa, Profesa akaibeba kengele yake juu. Waliokuwa wa Idara ya Kutuma nao walipiga makofi, kisha wakakumbuka. Mtukufu akamshika Mwinjuma mkono mbele ya kamera.

"Wewe ni shujaa wa sayansi," akamwambia. "Wiki ijayo utavishwa Nishani ya Unyayo wa Dhahabu, na idara ni yako. Omba lolote."

"Naomba kibali cha kwenda Lungwi, Mtukufu. Kumwona mke wangu."

Rais alicheka mpaka akajishika mbavu. Alidhani ni utani wa wanasayansi.

*

Mwinjuma hakuingoja nishani. Alirudi nyumbani, akafukua viatu vyake alivyokuwa amevificha kwenye gunia la mchele, akavivaa bila kujificha, akashika njia ya milimani. Watu walimwangalia miguu kama mtu aliyetoka bila suruali. Mama mmoja alimfunika mtoto wake macho.

Kwenye kizuizi cha mlimani akasimamishwa na askari mwenye kofia, mkanda, bunduki na miguu mitupu iliyopasuka kwa baridi.

"Kibali," alisema askari.

Mwinjuma alikuwa amechoka kuogopa. "Kimetumwa, afande."

"Kimetumwa lini? Na nani?"

"Kimetumwa na Ikulu kwa njia ya unyayo. Simama vizuri udongoni ukipokee."

Askari alimtazama. Akautazama udongo. Akisema hakipo, atakuwa amekiri kwamba yeye, askari wa Jamhuri, nyayo zake hazisikii. Alifumba macho, akakunja vidole, akakaa hivyo kitambo huku upepo ukimpiga.

"Nimekipata," alisema hatimaye. "Kina muhuri kabisa." Akafungua kizuizi. Kisha, Mwinjuma alipokuwa ameshapita, akamwita kwa sauti ya chini: "Mzee. Huko uendako si mbali na kwetu, Mto Mweupe. Mama yangu nilimwacha anaumwa. Hapa napokea tu kwamba anasherehekea uchaguzi."

"Anaitwa nani?"

"Bi Kazija. Nyumba ya tatu baada ya kinu."

"Nitapita wakati wa kurudi," Mwinjuma alisema. "Nikimwona nitakuambia. Nisipomwona nitakuambia sikumwona."

Askari alipiga saluti, ingawa Mwinjuma hakuwa na cheo cha kupigiwa.

*

Lungwi nyumba ilikuwa kimya. Mwinjuma alisimama uani akashindwa kubisha. Mlango ukafunguka wenyewe, akatoka Bi Mwanakombo na beseni, beseni la kawaida la kufulia nguo.

"Shikamoo, mama," Mwinjuma alisema, hajui aendelee na lipi.

Bi Mwanakombo hakuitikia. Alimtazama kutoka juu mpaka kwenye viatu, akarudi juu. "Umepauka kama mhogo," alisema. "Wamelala. Ingia kimya."

Wamelala! Mwinjuma alililia neno lile pale pale uani, neno la zaidi ya mtu mmoja. Mkwewe akajifanya anatafuta pa kuanika.

Siwatu alikuwa amelala ubavu, amekonda, midomo mikavu, macho makubwa kuliko alivyoyaacha. Damu ilikuwa imemtoka tena, kama Mwinjuma alivyokuja kusimuliwa baadaye, na ni mkunga wa jirani na mama yake waliomshika mpaka ikakata. Ubavuni mwake kulikuwa na kifurushi kilichokunja uso kwa hasira. Wa kike. Nywele alikuwa nazo kidogo tu, na hakufanana na tunda lolote.

"Mwinjuma?" Siwatu alifungua jicho. "Ni wewe, au ni wale wa beseni?"

"Wa beseni gani?"

"Huku nako wako. Kila siku walikuja kuniletea salamu zako. Eti nivumilie kwa ajili ya taifa. Eti mimi ni ua la bustani yako. Eti mtoto nimwite Kandidus." Alijaribu kucheka, akajishika tumbo. "Nikawaambia watoke. Mume wangu hajawahi kuniita ua. Akiwa na mapenzi ananiita Siwatu, akiwa na njaa ananiita Siwatu."

"Siwatu," alisema Mwinjuma, na mengine hayakutoka.

Akaketi kando ya kitanda. Akaweka kidole kwenye kiganja cha mtoto, mtoto akakikamata na kukishikilia. Siwatu aliwatazama wote wawili kwa muda, kisha akaanza kufikiri, kama kawaida yake, mwalimu wa hesabu.

"Simu hakuna, barua hakuna, na njia imefungwa," alisema. "Sasa nani alikwambia kwamba tumepona? Ulijuaje?"

"Sikujua," Mwinjuma alisema. "Ndiyo maana nimekuja."